Bunduki Niliyoing'arisha Kupita Kiasi

Nimestaafu nina miaka kumi na sita. Wazee wa barazani wakisikia hivyo hucheka hadi kahawa ikawapalia, lakini kazi ikimwisha mtu imemwisha, hata kama ndevu hazijaanza. Yangu ilikuwa ufundi wa bunduki katika karakana ya Fundi Premji hapa Malindi, nyuma ya maduka ya Wahindi. Niliifanya mwaka mmoja na miezi miwili, kila siku tangu chuo cha Kurani kilipotoka adhuhuri mpaka karibu na magharibi, isipokuwa Ijumaa na zile siku nilizojitia homa. Bakari, mwana wa ami yangu, wewe ndiye uliyeishika tupa yangu sasa, na baada yako atakuja mwingine, maana pale hakai mtu. Nawaandikia nyinyi ili msikosee nilipokosea mimi. Makosa mapya mtayapata wenyewe.

Habari za vyeo naziruka. Nilianza mfagiaji nikamaliza mfagiaji mwenye tupa. Habari za ujira muulizeni baba yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeupokea.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa bunduki. Nilipewa unyoya wa kuku. Fundi Premji, kama hamjamwona bado, ni mtu mwembamba wa Kachi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na dini yake haimruhusu kuua hata mdudu. Kabla ya kugonga nyundo juu ya fuawe, mtu hana budi kuipangusa fuawe kwa ule unyoya, polepole, mpaka sisimizi wote washuke. Mimi nilifikiri ni dawa ya chuma. Nilipangusa siku tatu nikisoma na bismillahi juu yake, ndipo nikaambiwa ni ruhusa ya sisimizi kuondoka. Na riziki ya mtu huyu, tangu asubuhi mpaka jioni, ni bunduki tupu.

Nikamwuliza, kwa heshima niliyokuwa nayo wakati ule, vipi asiyeua chungu atengeneze kitu cha kuulia tembo. Hakukasirika. Aliinua macho juu ya miwani akasema, "Mimi mashauri yangu ni chuma. Anayevuta ndiye mumwulize." Tangu azaliwe hajapiga risasi. Bunduki ikiisha kutengenezwa humwachia mwenyewe akaijaribu mbali, naye huziba masikio hata kama mwenyewe yuko mbali huko Ganda.

Wiki ya kwanza nilimharibia askari wa boma bunduki yake, na hili lisikilizeni vizuri. Niliambiwa nipake mafuta kwenye mtambo, yaani ile mashine ya ubavuni yenye nyundo na kamani, ile springi inayoirusha. Pale mezani palikuwa na mafuta ya uto, yale ya ufuta. Mimi nikaona uto ni wa mboga, nikaenda jikoni kwa mama nikaleta mafuta ya nazi, mazuri, meupe, yananukia. Ilikuwa kusi. Mafuta ya nazi asubuhi za kusi huganda kama mshumaa. Kesho yake askari alikuja na bunduki yake akatuonyesha: unavuta, nyundo inashuka taratibu kama mzee anayekaa kitini kwa kuogopa kiuno. Kwa hiyo uto kwenye mtambo, mafuta ya taa kwenye kutu, na ya nazi yaacheni kichwani mwenu.

Mengine nayataja upesi. Kutu nyepesi hutolewa kwa jivu na ndimu, na mtu mwenye kidonda mkononi asijaribu. Mti wa tako, pale bunduki inaposhikwa na kuegemezwa begani, husuguliwa kwa majani makavu ya msasa, ukifuata mishipa ya mti, kamwe usiikate kwa upana. Skurubu iliyoshikwa na kutu usishindane nayo. Iloweke mafuta ya taa siku mbili, nenda chuoni, rudi, utaikuta imetulia. Kamani ikipashwa moto ngoja mpaka rangi yake iwe buluu ya shingo ya njiwa, ndipo uitie kwenye uto. Ukingoja zaidi ya hapo umetengeneza waya wa kuanikia nguo.

Kisa kigumu cha kwanza kilitoka Vitengeni. Alikuja Mzee Kazungu, Mgiriama mtu mzima mwenye adabu nyingi, ametembea siku mbili na gobori lake begani kwa sababu halikuwa likilia. Alimkuta nguruwe shambani mwake, akavuta, kimya. Akashindilia tena juu ya ile ya kwanza, akavuta, kimya. Fundi alichukua ufito wake wa shaba, akautia ndani ya kasiba, yaani lile bomba la chuma, ili apime. Ufito uliingia shibiri tatu tu ukagota. Fundi akauacha pale pale, akasogea nyuma ya mlango, akaniita nami nisogee.

"Mzee," akasema kutoka nyuma ya mlango, "umeilisha mara ngapi?"

"Nane," akasema Mzee Kazungu. "Nilipoona haineni nikajua haijashiba."

Tuliijaza maji tukaiacha ilale. Kesho yake tukaanza kuvuta kwa chuma chenye ncha ya kuzunguka, tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayepakua biriani. Baruti, makumbi, vipande vya sufuria, baruti tena, msumari, kokwa za ukwaju. Tabaka la sita lilikuwa na kifungo cha shati, na Mzee Kazungu alifurahi sana kukiona kwa kuwa alikuwa amemsingizia mkewe. Fundi hakucheka hata mara moja. Alimweleza kwa upole kwamba kichuchu cha kuwekea fataki kilizibwa na udongo wa nyigu, na kwamba kama siku yoyote katika zile nane kingezibuka, angekuwa marehemu na nguruwe angekula muhogo wa matanga. Tangu siku ile, bunduki yoyote ikiingia mlangoni, swali la kwanza ni kama imeshiba.

Sasa nifike kwenye kilichonistaafisha.

Mwezi wa Shaabani boma lilitoa amri: kila mwenye bunduki ailete mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Bunduki ya askari wa zamani, aliyopewa na serikali aliyoitumikia, itarudi kwa mwenyewe na cheti. Bunduki iliyonunuliwa kwa mfanya biashara itafungiwa stoo. Mji ulishtuka, na aliyeshtuka kuliko wote ni Jemadari Feruzi wa mtaa wa Shela.

Huyu Jemadari mnamjua. Ndiye yule aliyetumikia jeshi la Sayyid wa Unguja zamani, wale askari ambao watu waliwaita viroboto, na ukimwita kiroboto mpaka leo atakufukuza kwa bakora hadi pwani. Hana watoto, mke alikwisha kufa, na kazi yake duniani ni moja. Mwezi ukiandama, wa Ramadhani na wa Idi, ndiye anayepiga bunduki ufukweni ili watu wa mashamba wajue. Mara mbili kwa mwaka Jemadari ni mtu mkubwa kuliko Liwali. Siku zilizobaki ni mzee anayegombana na kuku wa jirani. Ikienda stoo bunduki ile, kilichobaki ni kuku.

Basi akaileta kwa Fundi asubuhi, mimi nikiwa chuoni, akaeleza anavyotaka na kwa nini. Nilipofika adhuhuri niliikuta mezani. Ilikuwa bunduki ndefu ya kijeshi ya Kizungu, ya kushindiliwa kwa mdomo, imekaa miaka darini baina ya makuti na moshi. Kutu imeivaa kama ukoma. Nyundo haiinuki. Mdeki wake, ule ufito wa chuma wa kushindilia unaokaa chini ya kasiba, umepinda kama mkia wa paka. Tako limejaa vibonyeo mpaka nikadhani ndilo lililotumika kumgombeza jirani.

Tuliishughulikia siku tisa, na wallahi ndizo siku nilizoipenda kazi ile. Skurubu zililowa siku mbili zikafunguka zenyewe. Kamani ilikuwa imekatika; Fundi akachonga nyingine kutoka msumeno wa zamani, akaipasha, akaitia kwenye uto, akaipasha tena, mara tatu, hanisemeshi. Maji ya moto tulimimina ndani ya kasiba birika baada ya birika, yakitoka mekundu, yakitoka ya chai, mpaka yakatoka meupe. Fundi akaielekeza kasiba dirishani akaniita nichungulie. Ndani kulikuwa na mifereji mitatu inayojizungusha, inang'aa, inakwenda mbali kama ngazi ya mnara. Ilikuwa imelala ndani ya kutu ile miaka yote. Nilichungulia mpaka jicho likatoa machozi.

Likabaki tako. Fundi alinifundisha namna ya kutoa vibonyeo: kitambaa cha marekani kilichoroweshwa, juu yake chuma cha moto, mvuke ukaingia mtini, na mti uliobonyezwa hujivuta ukarudi ulivyokuwa. Ni jambo la ajabu, unaliona kovu likijaa mbele yako. Akaniambia nifanye upande wa kulia tu, wa kushoto nisiuguse. Kisha akaenda Mambrui kwenye harusi ya nduguye, siku mbili.

Nilifanya upande wa kulia. Ukawa laini kama ubavu wa embe. Nikaigeuza. Upande wa kushoto mzee wa miaka themanini, wa kulia kijana wa juzi, kama mtu aliyenyolewa nusu kinyozi akaitwa nyumbani. Bakari, ningekuwa nimeuliza kwa nini upande wa kushoto usiguswe, leo ningali kazini. Sikuuliza. Nikaweka kitambaa, nikaweka chuma. Karibu na nyundo palikuwa na alama ndogo mbili zilizobonyea, kama nyayo za kuku wawili wanaotazamana kwa ugomvi. Hizo zilikuwa za mwisho, na zilikuwa kaidi, nilizipiga mvuke mara nne. Nikamalizia kwa msasa na uto. Nilijipongeza kwa sauti.

Fundi aliporudi aliishika, akaigeuza kushoto, akakaa kitako juu ya gunia. Ndipo nikaelezwa yale ambayo Jemadari alimweleza asubuhi ile. Zile hazikuwa nyayo za kuku. Ilikuwa mishale miwili, ncha kwa ncha, alama ya serikali, na Jemadari alisema hupigwa kwenye bunduki ya askari aliyepambana na adui uso kwa uso. Ndiyo hati yake. Ndiyo tuliyoitegemea boma.

Nilisema tunaweza kuichora tena. Fundi aliniuliza kama mimi ni fundi au mwizi, na akangojea jibu kweli kweli.

Jemadari akaja alasiri. Alipoona chuma kilivyong'aa, macho yalimlegea. Akainyanyua, akaiweka begani, na kidole gumba cha kushoto kikaenda chenyewe pale kilipozoea kukaa. Kikatafuta. Kikarudi nyuma kidogo, kikatafuta tena. Sikuwahi kuona kidole kinachohuzunika.

"Nimewaletea mzee mwenzangu," akasema, "mmenirudishia bwana harusi. Nani atamjua?"

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mimi nimetukanwa na watu wengi, nikapigwa na Mwalimu mpaka fimbo ikavunjika, lakini shikamoo kubaki hewani bila marahaba sijawahi kupata, na sipendi mtu mwingine apate. Fundi akaamua papo hapo: kesho nitamchukulia Jemadari bunduki mpaka boma, na mbele ya Bwana Shauri nitasema kwa ulimi wangu kwamba alama ilikuwapo na ni mimi niliyeifuta. Hayo tu. Nilikatazwa kuongeza maneno, kwa kuwa Fundi ananijua.

Asubuhi tukaenda, Jemadari mbele na koti lake la vifungo vya shaba, mimi nyuma na bunduki. Bwana Shauri alikuwa ameketi ukumbini mwa boma nyuma ya meza, na kando yake karani wake wa mjini, ambaye ndiye aliyekuwa akimfasiria. Watu walipanga foleni mpaka kwenye mchanga. Pembeni palikuwa na rundo la bunduki zilizokwisha kataliwa, na kwa kuwa tulingoja sana nikachutama kuzitazama, kazi humwingia mtu damuni. Ya kwanza ilikuwa na mishale miwili, ncha kwa ncha. Ya pili, mishale miwili. Ya tatu ilikuwa ya Mhindi wa duka la nafaka, ambaye hajapambana na adui yeyote ila panya. Mishale miwili.

Nikamwuliza karani chini chini. Akanieleza bila kuacha kuandika kwamba jeshi la Wazungu likiichoka bunduki huipiga alama ile kabla ya kuiuza, maana yake si yetu tena, achukue anayetaka. Mwenye bunduki ya mishale miwili hana hoja. Inakwenda stoo.

Ukweli ule haukuniingia mara moja. Kisha nikautazama mkono wangu wa msasa kwa mapenzi makubwa. Nilikuwa nimemwokoa. Kilichobaki ni Jemadari asiseme neno juu ya mishale, nami nisitimize niliyoagizwa. Nikamvuta kanzu. Akaivuta kanzu yake. Nikasema, "Jemadari, baba yangu, nisikilize kidogo." Akamgeukia mtu wa nyuma akaanza kumweleza habari za gharika ya zamani.

Zamu yetu ikafika. Bwana Shauri aliipokea bunduki akaikodolea macho. Akavuta nyundo, ikalia tiki, safi. Akachungulia kasiba. Karani akafasiri kwamba Bwana hajaona bunduki ya umri huu iliyo safi kama hii, na anauliza alama yake iko wapi. Hapo ndipo palipokuwa na sentensi yangu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikanyamaza.

Jemadari hakunyamaza. "Alama ilikuwapo. Mwehu huyu ameifuta." Akachovya kidole ndani ya wino wa karani, akafungua kiganja chake cha kushoto, akachora mshale, akachora na wa pili, ncha kwa ncha, akakiinua kiganja ili foleni yote ione.

Karani akamtazama. "Jemadari," akamwambia kwa sauti ndogo, "una hakika ni hiyo?"

"Nina hakika nayo kuliko jina langu."

Karani akafasiri, angefanya nini. Bwana Shauri akalionyesha lile rundo, akasema maneno machache, na karani akayatoa moja moja akiitazama meza, si mtu. Mishale ile si ya ushujaa. Ni ya bunduki iliyouzwa.

Mtu aliyeisimulia mishale ile barazani tangu baba zetu ni vijana alikuwa amesimama na kiganja chenye wino, hajui akifunge au akiache wazi. Mimi nilitamani anipige bakora, angalau apate la kufanya.

Mwisho akasema, "Mwambie sikununua. Nilipewa. Walionipa, awaulize wao walinunua wapi."

Bwana akauliza nani alikuwa mkubwa wake. Wamekufa. Ana hati? Zama zile askari akipewa bunduki na mtama, hati ilikuwa mtama. Bwana akafikiri, kisha akasema basi na aonyeshe. Kama alikuwa askari, mikono yake itajua. Baruti bila risasi, aelekeze baharini.

Jemadari akafunga vifungo vyote vya koti. Akashuka uwanjani. Na hapo, jamaa zangu, niliona jambo ambalo miezi yote ya karakana haikunionyesha, nilimwona mtu aliyetengenezewa bunduki ile. Alijiamrisha kwa sauti yake mwenyewe, kwa lugha iliyokuwa nusu Kiarabu, nusu Kibaluchi na nusu matusi. Tako chini. Karatasi ya baruti menoni, ikachanika. Baruti ndani. Mdeki ukachomolewa, ukapinduliwa hewani, ukazama ndani ya kasiba, ukashindilia mara mbili, sauti ya chuma kwa chuma. Mgongo ulinyooka, miaka thelathini ikamdondoka pale mchangani. Askari wa boma wenyewe walijiweka sawa bila kuambiwa.

Isipokuwa mmoja, kijana, aliyekuwa ameegemea ukuta. Jemadari akamwona. Akasimama katikati ya kazi, mkono umeshaachia mdeki, akamgombeza: miguu gani hiyo, tumbo gani hilo, nani aliyekufundisha kusimama kama mgomba uliokatwa. Kijana akanyooka. Jemadari akaridhika, akarudi kwenye bunduki yake, na akaendelea kuanzia hatua iliyofuata ile aliyodhani amekwisha kuifanya. Fataki juu ya kichuchu. Nyundo nyuma. Tako begani.

Mdeki ulikuwa umetokeza mdomoni mwa bunduki shibiri nzima. Niliuona. Watu wote waliuona. Kila mtu alidhani ndivyo jeshi linavyofanya.

Ikalia. Kamani ya Fundi Premji nayo haikuwa na masihara. Mdeki ulitoka na moshi, ukapiga mluzi, ukaipita ile kamba ambayo dobi alikuwa ameanika nguo za Bwana Shauri baina ya boma na pwani, na kwenye kamba ile palikuwa na suruali ya kaki, mpya, imetiwa wanga. Mdeki ukaingia kiunoni ukaenda nayo. Tuliiona suruali ikiondoka peke yake, miguu imetanuka kama mtu anayeruka mtaro, ikavuka mchanga, ikatua kwenye maji ya mafunde, yale ya kina kifupi.

Hakuna aliyecheka. Mimi niliuma ukaya wa kichwani wa bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu, naye hakuuliza, kwa kuwa alikuwa anauma upande wa pili.

Jemadari aliitazama bunduki, akatazama chini ya kasiba pale mdeki unapokaa, patupu. Akaisimamisha bunduki kando yake, akatulia wima kama mtu anayengoja kuhukumiwa. Askari aliyegombezwa akatumwa majini. Akarudi na mdeki na suruali, akaviweka mezani vikidondosha maji.

Bwana Shauri alikuwa mwekundu toka shingoni. Aliugeuza mdeki mezani, kisha akasema na karani, maneno mengi kuliko kawaida yake, na karani akakunja uso kwa kujizuia.

"Bwana asema hivi. Katika maisha yake amesikia habari za watu watatu waliosahau mdeki ndani ya kasiba wakaupiga. Wote watatu walikuwa askari, wamefundishwa kwa amri na kwa haraka. Mfanya biashara hausahau mdeki, mwindaji hausahau, kwa sababu wao hushindilia wakipenda. Asema kosa hilo mtu hajifunzi nje ya jeshi." Karani akameza mate. "Bunduki ni yako, Jemadari. Cheti utapata. Lakini mdeki utakaa hapa boma. Siku ya mwezi utakuja uuchukue, na usiku huo huo uurudishe. Na siku hiyo yeye hataanika nguo."

Jemadari akapiga saluti. Mkono wa kushoto wenye wino ulibaki ubavuni, umefungwa ngumi. Tulirudi Shela, mimi na bunduki nyuma, na mlangoni kwake nikajaribu tena shikamoo. Akasema, "Marahaba," halafu akaongeza kwamba tako hata hivyo nililing'arisha vizuri, Mungu anilaani.

Fundi alinisikiliza habari yote akipangusa fuawe. Hakufurahi sana kama nilivyotaraji. Alisema Jemadari kapona kwa bahati, na bahati si kazi. Kijana ambaye hawezi kuliacha kovu la mtu lilivyo, hafai kukaa na vitu vya zamani vya watu. Alisema mkono wangu una hamu sana. "Nenda kasome," akaniambia. "Kalamu ikikosea, karatasi ziko nyingi." Akanipa tupa ndogo, mpini wake mpya, nikaipeleka kwako, Bakari, kwa kuwa nyumbani mama alikwisha ficha kila kitu chenye mti nisije nikakisugua.

Mwezi wa Ramadhani uliandama baada ya siku sita. Mji wote ulishuka ufukweni. Jemadari alikuja na koti lake na bunduki, nyuma yake askari wa boma amebeba mdeki kwa mikono miwili kama kitabu. Akapewa. Akajiamrisha, akamimina, akashindilia, na alipoinua tu nyundo watu wote, wake kwa waume, na watoto wa chuo, na karani, wakasema kwa pamoja, "Mdeki, Jemadari."

Aligeuka akatutazama mmoja mmoja, kwa dharau ambayo nadhani alijifunza jeshini pia. Ulikuwa umetoka zamani, ameushika mkononi. Akatafuta kwa macho, akaniona, akaniita kwa kidevu. Nikaenda nikasimama kushoto kwake, nikanyoosha mikono. Akanilazia mdeki viganjani, akaugusa kwa kidole kuhakikisha kwamba ni wenyewe na kwamba niko nao, ndipo akaiweka bunduki begani.